Jina Nililolihamisha Garbatulla

Isiolo,
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Kabale,

Salaam aleikum. Umeenda Bula Pesa kuwaaga shangazi zako, na nyumba imebaki na mimi, kikohozi changu na sanduku lako lililofungwa kamba. Mambo ya basi, ya blanketi na ya mahali pa kulala Nairobi umeyapanga mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi, kwa hiyo sitayagusa.

Barua hii nitakupa mkononi ukirudi. Usiitie kwenye mkoba ukaisome njiani. Nataka uisome hapa, nimekaa mbele yako. Kukuacha uisome ukiwa umeshapita Nanyuki kungekuwa ujanja mwingine, na ujanja nimeshaufanya wa kutosha. Kusema kwa mdomo siwezi. Unajua pumzi yangu ilivyo: sentensi tatu tu, kisha nakohoa mpaka unakuja mbio na maji, na sentensi ya nne inapotea. Daktari hakunificha hali yangu. Wewe alikuficha kwa sababu nilimwomba.

Jumanne, ulipokuwa ukipiga pasi nguo zako, ulisema mambo mawili. Kwanza ulimwambia jirani kwamba Mheshimiwa mpya amekuajiri kumwandikia salamu na hotuba zake kwa wananchi kwa sababu wewe ni binti wa Mwalimu Wario, mtu aliyewasomea watu habari za Bunge miaka mingi bila kupunguza wala kuongeza. Kisha jirani akauliza kama abuyya wako Huka, ndugu wa mama yako, atakuja kukuombea dua ya safari kama ilivyo desturi. Ukajibu, "Yule? Akanyage hapa aone. Mtu aliyevunja dua ya watu wote akawaletea balaa, mimi ataniombea nini?"

Jirani alicheka. Mimi niligeukia ukuta, ukadhani nimelala.

Mambo hayo mawili ulijifunza kwangu, Kabale. Yote mawili si kweli.

Nianze na Mheshimiwa wa kwanza. Nilisoma naye darasa moja. Mimi nikarudi nikawa mwalimu, yeye akaingia siasa, na alipochaguliwa akahamia Nairobi, kama wanavyohamia wote. Kila miezi miwili hivi alituma ukurasa mmoja uliopigwa chapa, kupitia kwa dereva wa lori linaloenda Merti au Garbatulla, na mimi nikapanda lori hilo niende kuwasomea watu kwa Kiborana. Hakuna aliyenilipa. Walimu wenzangu walinicheka: "Wario, wewe ni redio isiyotumia betri."

Sasa nikwambie kurasa zile zilikuwaje. Zilikuwa kavu. "Mbunge wenu anawasalimu na anaendelea kushughulikia suala la maji." Hebu msomee maneno hayo mtu aliyetembea tangu alfajiri kuja kuyasikia. Mara ya kwanza nilisoma kama yalivyoandikwa, na watu wakabaki wananitazama, wakidhani bado sijaanza. Mara ya pili nikatia kidogo. Nikasema Mheshimiwa huamka usingizini akisikia ng'ombe wa Merti wakilia kwa kiu. Wanawake walifuta macho. Mzee mmoja akaja akanitemea mate ya baraka kichwani. Nilirudi Isiolo juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye meno, na moyoni nilikuwa mtu mkubwa kuliko Mheshimiwa mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sikuuita uongo. Kwa kweli ukiniuliza siku ipi hasa ulianza kuwa uongo, sitaweza kukuonyesha.

Mtu mmoja tu hakufurahia, naye ni Huka. Wewe humkumbuki vizuri alivyokuwa. Hakuingia darasani hata siku moja, lakini jambo likiingia kichwani mwake halitoki. Kila mwisho wa mwezi alileta mbuzi mnadani, na akimaliza alikuja kwetu, akakaa mkekani, mama yako Darmi akammiminia chai ya maziwa ya ngamia, naye akaniambia, "Haya, shemeji, fungua kitabu."

Kitabu chenyewe kilikuwa Hansadi, ile kumbukumbu ya kila neno linalosemwa Bungeni. Nakala zilifika ofisi ya wilaya zikawekwa rafuni, na karani aliniruhusu kuziazima kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Nilimsomea Huka sehemu za Mheshimiwa wetu, nikitafsiri. Aliipenda sana habari ya Spika. Akampa ngamia wake mmoja jina hilo. "Analala katikati ya njia," alisema, "na kila mtu lazima ampe heshima kabla ya kupita. Kama huyo si Spika, ni nani?" Mama yako alicheka mpaka chai ikamwagika.

Lakini Huka hakuja kucheka tu. Alikuwa akihesabu. "Kuhusu kisima cha Merti aliuliza mara tatu," aliniambia siku moja. "Mara ya nne amenyamaza. Nani amemnyamazisha?" Na siku nyingine: "Shemeji, kule kwenye baraza ulisema alilia mbele ya waziri. Hapa kitabuni analia wapi?"

"Ni namna ya kusema tu, Huka."

"Namna ya kusema. Haya. Na mvua ikinyesha kwa namna ya kusema, ng'ombe watakunywa?"

Nilikasirika, nikafunga kitabu. Mwalimu hapendi kusahihishwa na mtu asiyejua kusoma. Hilo lilikuwa kosa langu la mwanzo kabisa, na la baadaye lilitoka humo.

Ukaja mswada wa malisho. Ulikuwa wa kumpa waziri uwezo wa kuzungushia waya ardhi yoyote ya malisho kwa ajili ya miradi ya serikali, bila kuwauliza wenyeji. Kila mfugaji alijua maana yake kwetu: kingo za Ewaso Nyiro, ambako kila mtu hukimbilia kiangazi kikikaza. Tulingoja neno la Mheshimiwa, na neno likaja. Safari hii halikuwa kavu. "Nimeupinga mswada huu. Malisho yenu hayataguswa. Kaeni kwa amani."

Hata hilo halikunitosha. Nilisimama Garbatulla mbele ya watu nikaongeza la kwangu: "Anasema, waya huo kabla haujafika mtoni, utapita kwanza juu ya mgongo wangu."

Kabale, sentensi hiyo ilienda mbali. Wachungaji waliisema visimani. Watoto waliiimba wakichota maji. Nilikutana nayo Merti imefika kabla yangu, na mtu aliyenisimulia hakujua kwamba mimi ndiye niliyeitunga.

Wiki chache baadaye Hansadi ya siku ile ikafika. Kwa kawaida kura Bungeni hupigwa kwa sauti, wanaokubali wanapaza Ndio, wanaokataa wanapaza La, na hujui nani alisema nini. Siku ile waliopinga walidai majina yaandikwe. Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya wilaya nikafungua ukurasa. Mheshimiwa wetu alikuwa amesimama akausifu mswada. Kisha orodha. Chini ya Ndio, katikati ya majina mengine, lilikuwapo lake. Nililisoma tena na tena, kama mtu anayetafuta kosa la mpiga chapa.

Mswada ulikuwa umepita.

Mheshimiwa alikuja Isiolo siku moja tu mwezi ule. Nilimfuata kwenye nyumba aliyofikia, nikamkuta chumba cha nyuma akinywa soda, koti ameliweka juu ya kiti.

"Uliandika umepinga," nilimwambia.

"Niliandika kabla ya kura. Nilikuwa nimenuia, Mwalimu. Wallahi nilinuia."

"Jina lako liko chini ya Ndio."

"Sasa ulitaka nifanye nini? Majina yakiandikwa, wakubwa wanayasoma kabla yako." Kisha akaanza kucheka, si kwa ubaya. "Lakini hebu niambie. Habari ya mgongo ilitoka wapi? Nimeshuka garini, mzee mmoja akaja kunipapasa mgongo, ananiambia Mungu aulinde. Mimi sikuandika mgongo."

Nililitazama koti lake pale kitini.

"Huo mgongo ni wako, Mwalimu," alisema. "Wewe ndiye unayesoma. Soma unavyoona inafaa."

Hakunituma kudanganya. Laiti angenituma, leo ningekuwa na mtu wa kugawana naye lawama.

Wakati huo watu walikuwa wameona wapimaji mtoni wakichomeka vigingi. Huka akaitisha mkutano Garbatulla, akaniletea ujumbe wa maneno mawili: "Lete kitabu."

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo pengine hulijui kwa kina, maana wewe umekulia mjini. Mkutano wetu hufunguliwa kwa dua na kufungwa kwa dua. Kati ya dua hizo mbili mtu yeyote anaweza kusema lolote, hata kumwambia mzee usoni kwamba amekosea. Lakini dua ya pili ikishasomwa, neno limefungwa. Anayelifungua tena amevunja amani ya wote, na mabaya yakitokea baadaye, watu wanajua pa kuyatafuta.

Tulikutana asubuhi karibu na kisima cha pampu. Mzee Dida, ambaye ndiye aliyekuwa akiomba dua zetu, alifungua. Nikasimama na kitabu. Safari nzima juu ya lori nilikuwa nimejiambia nitasoma kilichoandikwa. Nakuapia, nilipofungua ukurasa nilikuwa bado nimekusudia hivyo. Kisha mama mmoja aliyekaa mbele akamwambia mwenzake, kwa furaha, "Sasa atasoma ule mgongo."

Nikasoma majina ya waliosema La, na katikati yao nikalitia jina la Mheshimiwa. Nikasema mswada umepita kwa wingi wa wengine, ila eneo la mbunge aliyeupinga halitaguswa. Hilo nalo nililitunga palepale, na lilipotoka mdomoni lilikuwa kama sheria.

Watu walipiga vigelegele. Huka alikuwa ananitazama usoni. Halafu akainua fimbo yake, kama anavyofanya mtu anayeomba kusema, na macho yake yakaenda kwa karani wa mifugo aliyekuwa ameegemea pampu, kijana mgeni kutoka Meru aliyejua Kiingereza. Nilielewa anachotaka kuomba hata kabla hajafungua kinywa.

Nikamgeukia Mzee Dida. "Mzee, jua limekuwa kali na wengine wana mwendo mrefu. Tuombee."

Kusoma ndiyo ilikuwa kazi yangu, na msomaji ndiye anayejua kama ujumbe umekwisha. Mzee akaniamini. Akafumba macho, akainua viganja. "Nagaa," akasema, amani, na wote wakaitikia, "Nagaa." Ilikuwa dua ndefu. Mikono ya kila mtu ilikuwa juu, viganja wazi, na katikati yake fimbo moja imesimama.

Dua ilipokwisha Huka alisema, kwa upole kabisa, "Kitabu apewe karani, naye asome."

Kelele zikaanza. "Huka! Dua imeshasomwa!" "Kaa chini, wewe!" "Wivu wa shemeji huo!"

"Mimi nimemwona akisoma miaka yote," Huka alisema. "Akisoma, macho yake hutembea. Leo yalisimama."

Wakacheka. "Haya, Huka naye sasa anasoma! Anasoma macho!"

Mzee Dida hakucheka. "Huka, mwanangu, omba msamaha tuombe upya. Usiwaache watu hivi."

"Siwezi kuomba msamaha kwa kuuliza, mzee."

Akaondoka peke yake. Hakuna aliyemfuata hata kwa macho, kasoro mimi.

Siku tatu baadaye alikuja hapa Isiolo. Wewe ulikuwa shuleni. Hakuingia ndani, alisimama uani akamwambia mama yako, "Darmi, mwambie mumeo anionyeshe jina lilipo. Sijui kusoma, lakini umbo la jina lile nimeliona mara nyingi, nitalijua. Nikilikuta mahali alipolisoma, nitalipa faini na kuomba msamaha kwa wote."

Mama yako aligeuka akanitazama. Nikasema, "Kitabu nimekirudisha ofisini."

Kilikuwa chini ya mto wangu.

Darmi akamwambia ndugu yake, mwana wa mama yake, "Umemwaibisha mume wangu mbele ya watu. Usirudi hapa." Huka alimtazama yeye, si mimi, akasema, "Sawa, dada," akaenda.

Yaliyofuata umeyasikia, lakini umeyasikia kwa mpangilio wangu. Huka aliwahamisha wanyama wake mara moja kwenda visima vya mbali, akapita boma kwa boma akiwaambia watu wahame. Walimjibu kwamba kuna mgongo wa Mheshimiwa. Wakabaki mtoni. Kiangazi kilipofika pabaya zaidi, malori yalikuja na waya na askari, na watu wakaambiwa waondoke. Walivuka uwanda usio na tone la maji. Ndama walianguka kwanza, kisha ng'ombe wenye maziwa, kisha wote. Mama mmoja alifia njiani na mtoto wake mchanga mgongoni, na mtoto hakuishi. Yule mama ndiye aliyekaa mbele kwenye mkutano. Sitakwambia jina lake kwenye karatasi hii, lakini nalijua, na silisahau.

Watu wakatafuta sababu. Nilingoja waje kwangu, na walikuja kweli, lakini walikuja kunipa pole. Walisema Mheshimiwa alipigana, na msomaji alisoma, ila kuna mtu aliivunja dua Garbatulla. Tena, angalieni, ng'ombe wa mtu huyo mbona wako hai? Ikawa uzima wa wanyama wake ndio ushahidi dhidi yake. Watu walikataa kunywesha mifugo kisima kimoja naye. Wanawe walipoposa, walirudishiwa posa. Mtu mmoja aliniuliza waziwazi, mlangoni hapa, "Mwalimu, ni hakika jina lilikuwa upande wa La?" Nikasema, "Hakika." Neno moja. Alinishukuru.

Na wewe ulikuwa darasa la tatu ulipokuja unalia, wenzako wamekuita mpwa wa mvunja dua. Ningeweza kukwambia siku ile. Nilikufuta machozi nikakuambia, "Wewe si wa kwake, wewe ni binti wa Mwalimu." Ndipo chuki yako ilipozaliwa, mikononi mwangu, nikikubembeleza.

Bado kuna moja, na ndilo linalonizuia kulala. Mama yako alipokuwa akifa, kwenye kitanda hiki hiki, aliniita karibu. "Wario," alisema, "Huka alikosea?" Kabale, hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Hakukuwa na baraza wala jina la kulinda. Angekufa na siri yangu ndani ya saa chache. Hata hivyo nikasema, "Alikosea." Akasema, "Basi," akafumba macho. Hakumwita ndugu yake.

Nimejiuliza kwa nini, na jibu nililonalo si zuri. Nilikuwa nimezoea. Uongo wa Garbatulla niliubeba njia nzima juu ya lori kama mzigo. Wa mwisho ulitoka kama salamu.

Sasa wewe unaenda kuifanya kazi ile ile. Sitaki kukuzuia. Ni kazi, na una akili kuliko niliyokuwa nayo. Lakini nakujua unavyoandika. Barua zako za shule nilizisoma mara mbilimbili kwa utamu wake, na kila nilipozisoma niliogopa kidogo. Mheshimiwa wako atakuletea maneno makavu, nawe utayatia mafuta, na watu watalia, na utaanza kuyapenda machozi yao. Siku moja utaandika "alipigania" pale ambapo yeye aliketi tu. Hatakuomba uandike hivyo. Atacheka, na kukuambia wewe ndiye mwandishi.

Sijui nikupe ushauri gani juu ya hilo. Naweza kukwambia tu nilichokosa kufanya: sikuwahi kumpa mtu mwingine kitabu. Miaka yote ile nilijivunia kuwa mtu pekee wa kusoma, wala sikumfundisha hata Huka herufi moja, ingawa alikaa mkekani kwangu kila mwezi na mimi ni mwalimu. Angejifunza kwa wiki mbili. Nadhani nilijua hivyo, ndiyo maana sikumfundisha.

Nimefanya mambo mawili wiki hii bila kukuambia.

La kwanza, nilimtumia Huka ujumbe kwa dereva wa lori la Garbatulla, nikimwomba aje akuombee. Jibu lilifika jana. Dereva alisita kulisema, nikamlazimisha. Huka amesema: "Mtoto akiniita, nitakuja. Baba yake simjui." Yuko hapa mjini, Kabale. Amefikia upande wa mnada na mbuzi wake, na kesho wakishauzwa anarudi. Miguu yangu haifiki mnadani, na hata ingefika, si mimi anayengojwa. Huna haja ya kwenda. Una haki ya kupanda basi lako la asubuhi ukiwa na hasira na sisi sote, na mimi sina mdomo wa kukulaumu. Lakini usiache kwenda kwa sababu ya lile nililokufundisha juu yake. Ukiacha, iwe kwa sababu yako mwenyewe.

La pili, nimeandika karatasi nyingine, fupi, kwa watu wa Garbatulla. Ina mistari sita. Inasema jina lilikuwa wapi, nililisoma wapi, na kwa nini niliharakisha dua. Nilitaka kuyapamba kidogo, nikajikamata kwenye mstari wa pili, nikaanza upya. Nitaifunga ndani ya bahasha pamoja na barua hii. Sikuiandika ili isomwe na wewe. Mkabidhi Huka, au mpe dereva amfikishie. Huka ndiye atakayechagua msomaji, na siku, na mahali. Akitaka kuichoma, ni yake aichome.

Ikisomwa, habari itakufika hata huko Nairobi, na itakuwa mbaya. Mheshimiwa wako huenda asitake tena binti wa Mwalimu Wario ofisini kwake. Nimelifikiria hilo usiku na mchana, na ndilo lililonifanya nichelewe mpaka leo. Nakuharibia mwanzo wako kwa kosa la tangu ulipokuwa mtoto mdogo. Ningekuwa na njia ya kulipa peke yangu ningelipa.

Watu watakufuata na maswali. Wengine watakuja kwa wema, watakuambia mzee alikuwa mgonjwa, alichanganyikiwa, pengine Huka alimlazimisha kuandika. Watakufungulia mlango wa kuniokoa, nawe una moyo wa huruma na ulimi mzuri, utajua la kusema.

Wakikuuliza, waambie ni kweli. Usinitetee.

Nasikia lango. Ni wewe, na unaongea na jirani. Nimeacha kalamu.

Baba yako,
Wario